Injini Iliyokula Alizeti

Mwezi wa pili korongo lilikata barabara ya Mvumi,
lori la dizeli likabaki ng'ambo,
mashine ya Ndahani ikanyamaza siku tano.
Tukarudi kwenye vinu. Viganja vikakumbuka malengelenge.

Siku ya sita akaja na dumu tupu.
"Mama Chedego, una alizeti kiasi gani?"
Nikadhani amepata wageni.
"Si ya kupikia," akasema. "Ni ya mashine."

Mafuta yale niliyakamua mwenyewe,
nikining'inia kwenye mkono wa kikamulio hadi bega likalia.
Lita kumi na tano, zote zina majina:
sare, daftari, deni la duka.
Nikampa kumi. Usiniulize kwa nini.

Akayachuja kwa kipande cha kanga yangu kuukuu,
mara mbili, kama anayechuja uji wa mgonjwa,
akayapasha moto kwenye mafiga,
maana asubuhi ya mvua alizeti ni nzito,
hushuka kwenye mpira kama mlenda.
Dizeli ya mwisho, nusu chupa ya soda, akaamshia injini.
Kisha akafungua koki ya pili.

Ikakohoa.
Ikasita, nasi tukasita nayo.
Halafu tu-tu-tu-tu, mkanda ukashika,
na moshi ukanukia maandazi!
Watoto wakaja mbio na sahani,
wakasimama chini ya ekzosi, wakingoja.

Nilicheka.
Nyemo, mdogo wangu, hakucheka;
wiki nzima mwanawe alikula mboga isiyojua tone la mafuta.
"Leo chuma kimekula kabla ya mtoto," akasema.
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na debe la uwele kichwani,
na foleni ilikuwa inasogea.

Jioni Ndahani akafungua nozeli,
akaikwangua masizi kwa wembe.
"Imevimbiwa," akasema, "haijazoea karamu."

Sasa lori linavuka, dizeli ipo.
Lita zangu hazijarudi; ananisagia bure,
kila debe mstari wa mkaa ukutani,
na sisi wawili hatukubaliani tumefika wapi.

Mwaka huu nimeongeza nusu ekari.
Alizeti zimekomaa, zimeelekeza nyuso mashariki.
Matuta mawili kando ya njia ni ya mashine,
huwezi kujua korongo litaamua nini.
Yaliyobaki, nimemwita Nyemo
aje ayahesabu mwenyewe.