Kibaba na Pishi

Daejeon, saa kumi na moja alfajiri.
Tiketi za treni za Chuseok zinafunguliwa saa moja;
nusu ya nchi inataka kwenda kwa mama.

Mwaka jana faharasa niliipima kwa pishi:
bloku kubwa, mti mfupi,
hatua mbili umeshafika.
Nikajisifu mbele ya Bi Pyo.
Kisha wakaja wote,
mikono elfu juu ya ukurasa mmoja,
kila mmoja akingoja mwenzake anyanyue kalamu.
Penye wengi pana Mungu.
Pale palikuwa na foleni.

Leo kanzidata naipimia kibaba.
Mti umerefuka ngazi moja.
Na urefuke.

Bi Pyo ananimiminia kahawa, haulizi kitu.

Mama yuko Mokpo.
Mimi mwenyewe sijakata tiketi.