Risiti ya Kanyaboli

Langoni, ambapo lango ni kamba iliyofungwa baina ya miti miwili,
Opundo alitoka na kitabu cha risiti kwapani,
viatu vya mpira vimemfika magotini,
kimoja cheusi, kimoja kijani.
Akatuhesabu kwa ncha ya kalamu: mimi, Simiti, Kachumbari.
Akafungua ukurasa, akaguna.
"Hapa kuna mtu mzima, mtoto, mwanafunzi, pikipiki.
Mbwa hakuna."
Akajikuna shingo, akalitazama ziwa kama anayeomba ushauri,
kisha akaandika, akikandamiza ili kaboni ishike:
Mtu mzima mmoja. Watoto wawili.
Nikaipokea nakala, nikaitia ndani ya kofia.
Sikucheka mpaka nilipompita.

Hapa maji hayana ufuo.
Mafunjo yameingia hadi ndani, vichwa timtim
kama watu walioamshwa kabla ya saa yao.
Ukikanyaga, ardhi inafikiri kwanza
ndipo ikubali kukubeba.
Kachumbari hakuijua desturi hiyo.
Alimwona mdiria, akarukia alichodhani ni nyasi,
akazama mpaka masikio.
Akatoka mweusi tii, ananuka mayai viza,
akaja kujikung'uta juu ya blanketi,
juu ya unga,
juu ya omena wote niliowanunua Bondo.

Simiti hakusogea. Ana miaka kumi na tatu;
jicho lake la kushoto limeingia wingu la maziwa.
Alipazunguka mara tatu mahali nilipopachagua,
akalala papo hapo,
ikanibidi kulisimamisha hema juu ya mgongo wake.

Jioni tulikula sufuria moja.
Siku ya Pasaka wifi yangu aliniuliza,
"Mbona unawapikia mbwa kana kwamba..."
na sentensi ikamfia mdomoni.
Mtu akaongeza sauti ya redio.
Mimi nikaendelea kukwangua ukoko,
maana ukoko ndio wanaoupenda.

Giza liliposhika, vyura walianza bila kuulizana.
Mbu nao.
Upande wa Kadenge taa moja iliwaka, ikazima,
kama mtu aliyekumbuka jambo kisha akaona si kitu.

Saa nane, kasoro kidogo, Simiti aliinua kichwa.
Yeye, mwenye jicho moja, ndiye aliyetangulia kuona.
Mafunjo yaligawanyika, akatoka nzohe,
amelowa tumbo, kwato ndefu kama vidole vya mpiga nyatiti,
akisimama pale ambapo Kachumbari alizama
na ardhi haikumwuliza neno.
Kachumbari akafungua kinywa.
Nilikishika. Kubweka kukabaki kooni mwake,
kukitetemeka kiganjani mwangu
kama simu iliyonyamazishwa.
Simiti akamwekea shingo yake mgongoni, uzito wote,
na tukakaa hivyo, watatu, shada moja la pumzi,
hata mbu nikawaachia mkono.
Nzohe alikunywa. Sikio likageuka.
Sijui alituhesabu vipi.
Kisha mafunjo yakajifunga, na sikuweza tena
kuonyesha ni wapi yalikuwa yamefunguka.

Asubuhi Opundo alikuja na chupa ya chai ya rangi.
"Watoto walilala?"
"Mmoja. Huyu mkubwa amekesha."
Akaitika kwa kichwa, bila mzaha,
akamimina chai kwenye kifuniko,
akatoa andazi, akaligawa mara nne.
Mimi ndimi niliyehesabu vipande.

Kadenge nilisimama kununua kiberiti.
Jua lilikuwa limepanda, jasho linanitiririka,
nikavua kofia.
Mwenye duka alinitazama, akainamisha kichwa kushoto,
akainamisha kulia.
Kaboni ilikuwa imenihamia kwenye paji la uso.
Alisoma polepole, midomo ikicheza, kinyumenyume,
kisha akawachungulia waliokuwa mlangoni,
mmoja analamba tope, mmoja amelala,
akanirudishia chenji.