Wa Kumi na Tatu

Jikoni kwa Bi Jadwiga, Gdynia, barafu imeganda kiooni.
Kibano cha marehemu mumewe, daktari wa meno,
kinashika ngazi fupi kuliko kope.
Gundi inanuka. Chai imepoa tena.

Kijivu cha manowari kakichanganya mara nne,
kwani kijitabu kinasema hivi, na baba alisema vile:
"Kama tumbo la samaki wa juzi."
Kamba za mlingoti ni mvi zake mwenyewe.

Mabaharia kumi na wawili, punje punje, wamesimama sitahani.
Mmoja kabaki mezani;
nafasi yake ipo, nyuma, kando ya mzinga.
Anamtia kwenye kibiriti, anafunga.

"Huyu alishuka bandarini," anamwambia paka,
"siku moja kabla.
Ndiye aliyenizaa."