Hesabu ya Vidole Gumba

Walinituma na daftari nikahesabu mashine.
Siku sita, Kirumba mpaka Buhongwa, kwa miguu,
vumbi la Mabatini likinipaka miwani.
Gemu yetu ilikuwa imefika nusu:
msichana na beseni la dagaa kichwani
anaruka jiwe hadi jiwe, korongo wanamnyemelea,
wale wale wa Kirumba, wenye upara na subira.
Likabaki swali moja tu:
aruke ndani ya mashine ipi?

Bwana Lushinge, mwenye mtaji, alichora jedwali ukutani.
Kila mashine ina mlango, alisema,
na kila mlango una bawabu.
Bawabu wa mashine mpya anadai leseni,
anadai kifaa cha majaribio, bei yake pikipiki mbili
na chenji ya mafuta.
Anadai gemu isigande hata mtu aking'oa waya katikati ya mruko.
Ukifeli, rudi mwisho wa foleni.
"Meli haitii nanga kila kisiwa. Inatia penye mzigo."

Nikaandika.
Sikumwambia nimezaliwa kisiwa
ambacho meli hukipigia honi tu, ikapita.

Capripoint, nyumba yenye geti jeusi:
mashine ya kisasa, imefunikwa kitambaa cha kufuma.
"Mwenyewe yuko bweni Kampala," alisema mama yake,
"hurudi Desemba."
Lakini kadi ya baba iko mle ndani,
na kila gemu mpya hujilipia yenyewe, hata nyumba ikiwa imelala.
Nikaandika: mashine moja.

Igoma, kwa Nkwimba, chumba cha mabati
nyuma ya kinu cha kusaga.
Runinga ya chogo. Mashine ya kizamani,
kifuniko kimebanwa kwa tyubu ya baiskeli,
pedi zimefutika alama kama sarafu iliyopita mikono mingi.
Mia mbili mechi moja. Anayefungwa anapisha.
Nkwimba amepakata kopo la hela;
luku ikibaki uniti mbili anatangaza,
"Hii ya mwisho!" na hakuna anayebisha.
Nikaandika: mashine moja.

Kalamu ikakataa kufungwa.
Nikakaa juu ya ndoo, nikahesabu upya,
safari hii vidole gumba.
Tangu adhuhuri hadi adhana ya magharibi:
themanini na vitatu.
Vingekuwa themanini na vinne, ila kimoja cha Bugumba
kilibaki kiwanda cha minofu;
anabonyeza kwa kifundo, na anawafunga wote.

Ofisini nikaongeza safu ambayo hakuna aliyeiomba.
Lushinge aliitazama muda mrefu.
"Vidole gumba havina kadi ya benki," alisema,
bila dharau, nakiri;
hati ya kiwanja chake cha Nyegezi iko benki kwa ajili yetu.
Diski za Igoma zimenakiliwa, zote. Faida: sifuri.
Kabula, fundi wa kodi, akaongeza taratibu:
ile mashine walioiunda wameshaisahau,
mlango upo, bawabu alishakufa.
Na memori yake ni kiganja cha mtoto;
mawe yangebaki kumi na mawili,
korongo mmoja, tena bila kivuli.

Ikapita hivi: simu kwanza.
Simu ikirudisha fedha, mashine mpya.
Ya Igoma ikapigwa mstari,
mstari mwembamba, wa rula.

Nilirudi kumwambia Nkwimba. Sijui kwa nini;
hakuna aliyemwahidi kitu.
Alisikiliza huku akihesabu mia mbili mia mbili.
"Simu," alisema. "Simu ni ya mtu mmoja.
Sasa huko nani atampisha nani?"

Sikuwa na safu ya jibu hilo.
Bugumba akanisukumia pedi, ingali na joto la mkono wake.
"Kaa, mzee wa daftari. Zamu yako."

Nikakaa.
Nikafungwa nne bila.
Nikapisha.