Futikamba

Miaka kumi na tisa nakaa mkabala na geti la Lanet,
cherehani mlangoni, mgongo kwa vumbi la barabara,
na wanajeshi siwajui kwa vyeo.
Nawajua kwa viuno.

Wafubwa alikuja kuruta, mwembamba kama ufito:
fundi, punguza hapa, punguza na hapa.
Mwaka wa tatu tukafumua mshono inchi mbili.
Mshahara huingia mwilini kwanza,
halafu paa la mabati kwao Chwele,
halafu ng'ombe wa gredi, halafu karo ya wadogo zake.
Mmoja leo ni daktari wa mifugo
na hajui kwamba shahada yake ilianzia hapa,
kwenye suruali iliyokuwa ikimporomoka kaka yake.

Siwezi kuusema vibaya mkate huo.
Nami nimeula. Wakipandishwa cheo wengi siku moja
nashona tepe mpaka usiku,
nanunua nyama, nusu kilo, bila kuuliza bei.

Lakini nguo husema.
Lokwang alirudi kutoka ng'ambo ya mpaka
na mkanda wenye matundu mapya matatu,
kayatoboa mwenyewe, kwa msumari.
Nilipompitishia futikamba kiunoni
alinishika mkono, akaubana,
kisha akauachilia kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe.
"Samahani, fundi. Sikukusikia ukija."
Na tulikuwa tukizungumza, mimi na yeye, habari za mvua.

Sajini Chelagat aliagiza gauni la ubatizo la bintiye.
"Kadiria tu, ana miaka minne."
Nikamwambia, lete mtoto nimpime.
Akatoa simu, akafungua picha,
akampima kwa kidole juu ya kioo:
kutoka bega mpaka goti, kucha mbili na nusu.
Hivyo ndivyo nilivyolishona.
Lilimbana kwapani.

Na kuna kazi nisiyoitoza pesa.
Mjane alikuja na shati la kijani, limepigwa pasi,
anataka lipunguzwe limtoshe mvulana wa darasa la sita.
Mama, hii ni nguo ya serikali, sheria hairuhusu.
"Najua," akasema. Hakunyanyuka.
Nyuma ya ukuta tarumbeta ikalia, bendera ikashushwa,
vijana wa bodaboda wakazima pikipiki wakasimama wima,
na sisi wawili tukabaki tumekaa,
shati limelala kati yetu juu ya meza.

Sasa ni Kemunto, wangu mimi,
amevua sweta, amenyoosha mikono.
"Mama, nipime. Kesho Afraha wanahesabu mpaka meno."
Yanatimia. Niliyahesabu yakiota.
Nyayo zina upinde. Urefu unatosha.
Cheti chake kimekunjwa na kukunjuliwa miaka miwili,
kimeanza kuachana kwenye mkunjo.
Mshahara anaujua, bima anaijua, nyumba ya kambini anaijua,
ameyataja yote akila, kama anayesoma bei za sokoni,
na sikupata hata moja la kupinga.
Nilimtajia mkanda wa Lokwang.
Akauliza, "Na alikuachia kazi, au aliacha?"
Hakuacha. Bado yumo. Ana mke, ana kiwanja Kiamunyi.

Namwomba Mungu maombi yasiyo na adabu:
wamchukue. Wasimchukue.

Nikampitishia futikamba kifuani.
Moyo wake ukagonga nambari zangu kwa ndani,
thelathini na mbili, thelathini na mbili.
"Andika thelathini na nne," akasema,
"wakifika kwangu nitavuta pumzi."
Kitambaa hakidanganywi, nikamwambia,
nikaandika thelathini na nne
kwa chaki ya bluu, kwenye kiganja,
na jioni, nilipokuwa nikinawa,
nikanawa mkono mmoja tu.