Maji ya Vyombo

Newala maji hununuliwa kwa ndoo,
kwa hiyo mchicha wangu hunywa yale niliyosuuzia sahani.
Haujawahi kulalamika.

Majani ya mkorosho nimeyatandika kama mkeka,
udongo ulale bila kuungua.
Vidukari walipovamia kunde
nikatwanga mwarobaini, nikachuja kwa kanga kuukuu,
nikafuturu na viganja bado vichungu.
Bangi mwitu inanuka ukingoni:
jirani hucheka,
wadudu hawacheki.

Jembe hili aliliacha Somoe.
Mpini umelika pale kilipozoea kidole gumba chake;
changu hakienei,
nalima hivyo hivyo, kombo.

Jana niliokota nyanya ya kwanza,
imepasuka ubavuni, kuku kaidonoa.
Nikaila nimesimama,
pasipo chumvi,
upande uliobaki.