Koki Chini ya Zozulya

Aprili, Dauphin. Theluji bado imejikunyata
kaskazini mwa ghala, ukingo mweusi kama mkate ulioungua,
na mimi nimelala chali chini ya Zozulya.

Zozulya ni gari letu la kulala. Mama mkwe ndiye aliyelipa jina,
la ndege yule atagaye katika viota vya wenzake,
maana kila kiangazi tulilala viwanjani mwa jamaa
kutoka hapa hadi milimani,
tukala viazi vyao, tukaondoka alfajiri.

Miaka thelathini na mmoja Zenon ndiye aliyeingia huku.
Alilegeza nati kwa spana, akamalizia kwa vidole,
na ile robo ya mwisho ya mzunguko ikamshinda kila mwaka:
nati ikamponyoka, ikatumbukia karaini,
oili ya moto ikamfuata kiganjani, kwapani, hadi kwenye soksi.
Niambie, oili inafikaje kwenye soksi?
Chujio nalo limekaa juu ya eksle, mahali pa kijinga kabisa;
ukililegeza linatapika,
na eksle inadondosha hadi mkesha wa Krismasi.
Mashati kumi na manne nimeyatia moto kwenye pipa.
Idadi ninayo.

Sasa magoti yake yamestaafu kabla yake.
Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia hadi masikioni,
anaviamuru viatu vyangu,
kwa kuwa viatu ndivyo anavyoviona.

"Kushoto!"
Najua kushoto, Zenon.
"Kushoto kwako au kwangu?"

Sikumwambia kwamba vuli iliyopita,
alipolazwa kwa lile goti la pili,
niliing'oa nati nikaitupa kwenye mkebe wa misumari,
nikafunga koki mahali pake:
ya shaba, fupi kuliko kidole gumba,
na kishikio ambacho sharti ukiinue kwanza ndipo kizunguke,
jiwe la barabarani lisije likaifungua bila ruhusa.

Nachomeka mpira. Ncha ya pili imo ndani ya dumu
lililokuwa la maji ya kuoshea vioo.
Nainua. Nazungusha.
Oili inateremka kama umbea unavyopita kanisani,
hakuna aliyefungua mdomo.

Chujio nimelivisha mfuko wa mkate, nikaukaza kwa raba,
na juu ya eksle nimetanguliza chupa ya sharubati
niliyoipasua ikawa mfereji.
Linatapika, ndiyo. Linatapika mfukoni mwake lenyewe.

"Mbona kimya? Umeshafungua?"
"Nimemaliza."
"Umemaliza nini?"

Natoka. Natoka na blauzi ya njano, ile ya Pasaka.
Niliivaa makusudi, sisemi uongo.

Akaitazama blauzi. Akatazama kadibodi,
kavu kama hotuba ya meya.
Nilidhani atacheka, au atanuna.
Aliangalia tu mikono yake mwenyewe,
misafi tangu asubuhi,
akaificha mifukoni.

Ndipo nikakumbuka. Kila mwaka, kabla ya kunawa,
alisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada,
akainusa, akaielekeza juani,
akitafuta unga wa chuma, harufu ya petroli, ute wa maji,
na usiku kitandani akanieleza hali ya injini
kama daktari anayemjua mgonjwa tangu utotoni.
Mimi nilikuwa nahesabu shati.

Nikamwekea dumu miguuni, nikafungua kifuniko.
Lilikuwa bado na joto.
Akachovya. Akasugua.
Jua likampa mwanga kidogo, shingo upande.
Alichukua muda wake, nami sikumharakisha.

"Hamna chuma," akasema. "Moyo wake mzima.
Atatufikisha milimani."

Kisha akanyoosha mkono nimwinue.
Nikamvuta, akasimama kwa mguno,
na vidole vile viwili vikabaki begani mwangu,
juu ya njano.